Omba Jembe Kabla ya Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tunaijua sote, lakini kuna mgeni mmoja ambaye hatumpi jembe hata akae miaka kumi, naye ni mmisionari. Tunampa kiti cha mbele, soda ya baridi na paja la kuku. Yeye anatupa kisima, darasa na picha ya pamoja. Muda wake ukiisha anaondoka, na jirani wa ukuta wa pili hajui anaitwa nani.

Nimewafundisha Kiswahili watu hawa hapa Dodoma kwa miaka mingi, baba, mama na watoto wao, kutoka Marekani, Australia na Ujerumani. Nawapenda. Ndiyo sababu nawatania, maana kwetu mtani wako ndiye anayekuja kukuzika. Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia itakayoshuka uwanja wa ndege mwezi ujao, na kila neno lake nalimaanisha, hata yale yatakayowachekesha.

Tuanze na mizigo. Najua mmeshaanza kujaza kontena, na najua orodha ilivyo: vitanda, baiskeli, ngazi, vyakula vya watoto vya miaka miwili, mashine ya kuoshea vyombo. Acheni kontena. Niliwahi kuona mashine ya namna hiyo ikiingizwa kwenye nyumba ambayo bomba lake lilitoa maji mara mbili kwa wiki. Mwisho wake ikawa kabati la unga, na kwa kazi hiyo ilifaa sana, panya hawakuiweza. Njooni na mabegi mawili kila mtu, vingine nunueni hapa: ndoo, beseni, madumu ya lita ishirini, jiko la mkaa, mkeka, kigoda. Kila kitu utakachonunua sokoni kitakujulisha kwa mtu mmoja. Na kila kitu utakachokosa kitakupeleka kwa jirani kuazima. Nenda kaazime chekeche. Kaazime kinu. Nyumba yenye kila kitu watu hupita mbele yake wakaishia kuitazama.

Mkishafika, jina lako la kwanza liache kwenye pasipoti. Huku wewe ni Mama Hana, na mumeo ni Baba Hana, kwa kuwa mtoto wenu mkubwa ni Hana. Mnaweza kuona kama mmenyang'anywa nafsi zenu. Kinyume chake, mmepewa mahali pa kusimama: mtu ambaye hana mtoto wala mama wala shangazi anayetajwa, huku ni vigumu kujua utamwitaje ukimkuta njiani. Watoto wa mtaani watawaita Mzungu kwa muda. Msikasirike, wala msijibu kwa hotuba. Siku mtakayosikia mtoto akimwonya mwenzake, “Usimwite hivyo, ni Mama Hana,” mjue mmeandikwa mahali ambapo Uhamiaji hawana muhuri wake.

Nao Uhamiaji watawapa kibali cha ukaazi, daraja C kwa watu wa kazi yenu. Kitachukua muda. Utumieni kujifunza lugha.

Na lugha ndiyo ninayoijua, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kitenzi cha kunywa kina herufi w ndani yake. Isilale, isisahauliwe, isimezwe, hasa mkiwakaribisha watu mimbarini waje wanywe maji ya uzima. Neno “karibu” ukipindua herufi zake kidogo unapata “kaburi”, na nimeshuhudia mama mwema sana, mlango wazi na tabasamu usoni, akimwambia mzee wa kanisa, “Kaburi, baba, kaburi ndani.” Mzee yule aliingia, akakaa, akanywa chai. Huo ndio ukarimu wa watu wetu: mtu anakualika kaburini, unamjibu asante. Kosea hivyo hivyo, kwa sauti. Mwanafunzi wangu anayekosea mara hamsini kwa siku akiwa sokoni humpita kwa mbali yule anayesubiri sentensi yake iwe safi.

Saa nazo ni somo. Ukiambiwa ubatizo ni saa mbili asubuhi, jua limechomoza zamani na kwa saa yako ni nane. Kuna familia ilikuja saa nane za mchana kwa ubatizo wa saa mbili, ikakuta akina mama wanaosha masufuria. Wakapakuliwa ukoko wa pilau. Mtoto amekuwa na cheti cha ubatizo bila wao, na ukoko wanausifia mpaka leo.

Salamu ziheshimu. Mtu wa ng'ambo huona salamu ni mlango tu, anapita haraka apate kuingia ndani kwenye mazungumzo. Sisi tumeshaingia ndani tangu neno la kwanza. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu jana, shamba je, mvua mmepata? Ukiwa huku Ugogoni tanguliza “Mbukwenyi” uone sura zitakavyofunguka. Na shikamoo haitazami shahada. Una miaka thelathini na udaktari wa theolojia, mlinzi wako wa usiku ana sitini na hakumaliza la saba: shikamoo inatoka kwako. Yeye ataitika marahaba, na kuanzia hapo atakulinda kwa moyo mwingine.

Mkiona nawachosha na masomo, mkumbukeni mmisionari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, mjamzito. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mtu huyo, aliyekuwa na kila sababu ya kupanda jahazi arudi kwao, aliketi kujifunza Kiswahili, na aliyemsaidia katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo alikuwa kadhi wa Mombasa. Mmisionari chini ya mwalimu Mwislamu, karibu miaka mia mbili iliyopita. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Kwa hiyo ukiniambia miezi sita ya darasa inakuchelewesha kuanza kazi, nitakujibu kwamba hii ndiyo kazi, na umeshaianza.

Sasa nyumba. Mtapewa nyumba ya misheni iliyo juu kidogo, ina miembe, ina mikaratusi, ina senyenge pande zote na mbwa wawili waliorithiwa kutoka kwa waliowatangulia. Mbwa wafungeni mchana. Geti liacheni wazi angalau kuanzia saa kumi za jioni, wekeni benchi barazani, na mkae hapo mkichambua mchele au mkimenya karanga. Watu watapiga hodi. Atakayekuja hatakuambia shida yake mwanzoni. Atakaa, atazungumzia mbuzi, atakunywa chai, na akiwa ameshasimama kuondoka ndipo atasema lililomleta. Kwa hiyo usitazame saa. Akiondoka, msindikize. Usimwage mlangoni, tembea naye hadi kwenye mti, hadi njia panda, kwa kuwa maneno mengine ya maana hutoka hapo, baada ya kwaheri mbili. Akikuletea kuku, mpokee kwa mikono miwili, wala usikimbilie kumlipa siku hiyohiyo. Akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli lisirudi tupu, na lisirudi kesho. Deni dogo kati ya nyumba na nyumba ndilo linalofanya watu waendelee kutembeleana, na familia nyingi za kigeni haziwezi kulala zikiwa na deni. Jifunzeni kulala nalo.

Gari lenu litakuwa na kazi nne ambazo hamkuziandika kwenye bajeti: gari la wagonjwa, gari la maiti, gari la harusi na gari la kwaya. Kaeni mapema na wazee wa kanisa mpange lini linatoka na nani anachangia mafuta, ili siku ya kukataa isiwe wewe peke yako uliyekataa. Ila mama mwenye uchungu wa kuzaa hahitaji kikao. Ufunguo ukae kwenye msumari karibu na mlango. Na siku nyingine zote pandeni basi. Kwenye siti ya watu wawili mliyokaa watatu, na ndoo ya zabibu magotini, kuna somo ambalo mimi darasani silifikii.

Mtaombwa pesa. Mtaombwa sana, na itawaumiza, kwa sababu mtadhani ni ninyi tu. Mwalimu wa shule anaombwa. Nesi anaombwa. Mimi naombwa na binamu ambaye sijui tumekutana wapi. Sote tuna namna ya kutoa, ya kuchelewesha, na ya kukataa bila kumvua mtu utu wake. Muulizeni Mama jirani anavyofanya, msijitungie kanuni za ofisini mkazibandika getini. Halafu na ninyi ombeni. Ombeni chumvi, ombeni ushauri wa kuku wanaokufa, ombeni mtu wa kukaa na mtoto, ombeni maombi mkiwa na homa. Mtu asiyeomba kamwe, huku tunamwita mfadhili, na mfadhili ni mtu mpweke. Tunamheshimu, tunampigia makofi, hatumwambii ukweli.

Nifike kwenye msiba, kwa maana hapo ndipo familia ya kigeni inapokaa au inapopita.

Mtu wa mtaa wenu atafariki, na atafariki siku ile mliyopanga semina. Ahirisheni semina. Msiulize kama kuna haja ya kwenda, nendeni. Mama afunge kanga, moja kiunoni na moja kichwani, akae mkekani na wanawake. Baba aende kwenye mabenchi chini ya mti walipo wanaume, na azime simu. Hakuna mada itakayowasilishwa. Watu watakaa, watanyamaza, mmoja ataeleza marehemu alivyoumwa, wataimba, watanyamaza tena. Usitafute jambo la kufanya. Usimfariji mfiwa kwa maelezo. Mwambie pole, ukae. Kuna daftari la rambirambi: chungulia majirani wametoa kiasi gani, utoe hicho au kinachokaribia, ili jina lako lisisimame juu ya msiba wa mwenzako. Ukiwa na zaidi ya kutoa, mpelekee mjane baada ya watu kutawanyika, jioni, bila daftari.

Usishtuke na watani. Katikati ya kilio anaweza kutokea mtu akajilaza mahali jeneza linapotaka kupita na kudai alipwe kwanza, au akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hajakosa adabu. Hiyo ni kazi yake, ameirithi kwa babu zake, na ni tiba ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha ushauri nasaha mlichonionyesha.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa watoto watatu, Kiswahili chake kikiwa cha miezi mitatu. Jirani yake alifiwa na mtoto. Akanipigia simu analia, akisema hajui maneno ya kusema, anajua “pole sana” tu. Nikamwambia hayo yanatosha, nenda. Alikaa mkekani siku ya kwanza, hakusema kitu. Siku ya pili akakaa, miguu imekufa ganzi, hakusema kitu. Siku ya tatu bibi mmoja akamsukumia beseni la vitunguu na kisu butu, bila hata kumtazama. Akamenya mpaka macho yakawa mekundu kama ya wafiwa. Pasipoti yake ilikuwa na muhuri wa miezi mitatu nyuma, lakini mimi nahesabu kwamba Tanzania aliifikia siku ile. Kumbe jembe lenyewe lilikuwa kisu cha vitunguu.

Kanisani mtaambiwa, “Wageni wasimame.” Simameni, semeni Bwana asifiwe, mtaitikiwa amina, tajeni majina yenu na mlikotoka, kaeni. Msihubiri. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za vitu: mayai, maboga, jogoo aliyefungwa miguu ambaye amekuwa akiitikia mahubiri tangu saa tatu. Mnunue jogoo, lakini msipandishe bei mpaka mjane aliyekuwa akimtaka arudi nyumbani na sarafu zake mkononi. Hilo nimeliona, na lilifanywa kwa nia njema kabisa.

Na jueni mmeingia nyumba yenye wenyewe. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa Anglikana la Tanganyika. Mwaka 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam wakamchagua Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, kuwa rais wa shirikisho lao. Familia inayokuja na moyo wa kupanda mbegu ya kwanza ingefaa iulize shamba limevunwa mara ngapi na nani anajua udongo wake. Kaeni miguuni pa wazee wanaoujua udongo huo mwaka mzima kabla hamjaanzisha mradi wenye jina na fulana.

Kuna habari ya Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa Gahini, Rwanda. Mwaka 1929 alifika Kampala amechoka moyo, kazi imemshinda. Aliyemwinua hakuwa askofu wa nchi yao. Alikuwa Mganda, Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja, na uamsho uliofuata ulivuka mipaka hadi huku Tanganyika. Daktari aliyekuja kutibu alikubali kusema, mbele ya mwenyeji, kwamba na yeye anaumwa. Nawaombea mapema mpate siku kama hiyo.

Watoto watawatangulia kwa kila kitu. Baada ya miezi minne Hana atakuwa mkalimani wenu, na atawasahihisha mbele ya wageni. Mwacheni acheze nje, ale ugali na mlenda kwa jirani, arudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Usiku alale kwenye neti, na akipata homa apimwe malaria siku hiyohiyo, msisubiri kesho. Kuhusu shule sina la kuwaamulia: wengine hufundisha nyumbani, wengine hupeleka bweni, kama Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, iliyoanza mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Ila hata mkiamua bweni, mpeni kwanza muhula mmoja kwenye shule ya msingi ya mtaani, apige foleni ya uji na wenzake. Rafiki atakayempata hapo ndiye atakayemfanya atamani kurudi likizo.

Halafu kuna zile barua mnazowaandikia wachangiaji wenu kila mwezi. Kipimo chake ni chepesi: barua itafsiriwe Kiswahili, isomwe Jumapili kwenye matangazo, huku waliotajwa wamekaa wanasikiliza. Kama kuna sentensi itakayowafanya muangalie sakafu, ifuteni. Majirani wana simu janja, na wana watoto waliosoma Kiingereza, wanawasoma. Jirani mmoja alijikuta kwenye picha, yeye na watoto wake, chini yake imeandikwa kwamba hawana kitu. Siku ile mpiga picha alikuwa ametoka kula kwake. Picha ombeni kwa mama mwenyewe, na mkishaitoa mpelekeeni nakala moja ya karatasi aitundike ukutani.

Hayo ni ya wageni. Sasa naomba niseme na sisi wenyeji tunaosoma, kwa kuwa kosa la jembe kutotolewa ni letu. Tunawaita wafadhili kisha tunashangaa hawawi ndugu. Tunawacheka Kiswahili chao nyuma ya mlango badala ya kuwasahihisha usoni. Kikao kikianza tunageuza lugha kwa ajili yao, kumbe tunawafungia nje. Na mradi ukiwa mbaya tunapiga makofi, kwa vile chai ipo.

Familia hiyo ikifika mtaani kwako, mpelekee mama chekeche kabla hajaomba. Akikosea salamu, mwambie palepale. Mume akichota maji kwa mkokoteni, usimpokonye ndoo. Watoto wako wacheze kwao na wa kwao wacheze kwako. Na siku simu ikilia usiku kwamba baba yake amefariki huko ng'ambo, na nauli hana au maziko yatampita, asiachwe na kuta zile peke yake. Nenda ukakae naye. Beba mkeka, huenda nyumbani kwake hamna.